Ufundi wa Kubakiza

Masika yakishakolea Morogoro na mahindi ya kwenye miteremko ya Uluguru yakawa magotini, mkulima hodari huingia shambani asubuhi bila bomba mgongoni. Hafuati mstari mmoja. Hukata kona kwa mwendo wa herufi W, husimama mahali patano, na kila anaposimama hukagua mimea 10. Hufungua taratibu moyo wa mmea, pale majani machanga yanapojikunja, akatazama ndani.

Anachotafuta kwanza ni madirisha: vijisehemu vya jani vilivyokwanguliwa, ikabaki ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Huko ndiko vitoto vya kiwavi vinakoanzia. Vikikua, huacha matundu yaliyochanika na kinyesi kama unga wa mbao uliolowa. Akimpata mwenyewe, humgeuza kwa kijiti. Usoni ana Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia, madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Ni kiwavijeshi vamizi, mzaliwa wa bara la Amerika, aliyegunduliwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufika Tanzania mwaka 2017.

Mwenye jicho zuri huwahi hata kabla ya madirisha. Hugeuza jani akakuta fungu la mayai, mara nyingi 100 hadi 200, nondo jike kayafunika kwa manyoya ya tumbo lake. Husugua kwa kidole gumba, na mji mzima wa viwavi umekwisha kabla haujatafuna. Wengine hutia majivu au mchanga mkavu moyoni mwa mmea, kiasi cha kushikwa na vidole vitatu. Hakuna kiwavi aliyewahi kujenga usugu dhidi ya kidole gumba.

Dhidi ya dawa, usugu hujengeka. Katika kila kundi la wadudu hutokea wachache waliozaliwa wakiistahimili sumu fulani. Ukipuliza sumu ileile msimu mzima, unaua wanyonge na kuwaachia shamba wale sugu wazaane wao kwa wao. Ndiyo maana afisa ugani anayeijua kazi yake haanzi kwa kuagiza dawa.

“Shikamoo mama. Mara ya mwisho ulipiga dawa gani?”

“Marahaba mwanangu. Ile ya chupa ya kijani.”

Hapo huomba kuiona chupa. Dukani majina ni mengi na picha ni nyingi, lakini sumu ya ndani inaweza kuwa ileile, imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa. Aliyetoka chupa moja ya emamektini akaenda nyingine ya emamektini hajabadilisha kitu ila rangi. Kizazi kijacho cha kiwavi kinatakiwa kikutane na sumu inayoua kwa njia nyingine.

Sheria hiyo ya usugu haikwepeki hata sumu ikiwa ndani ya mmea wenyewe. Mahindi ya Bt yamepandikizwa kinasaba cha bakteria wa udongoni, yakawa yanajitengenezea protini inayoua viwavi. Tanzania iliyajaribu Makutupora, Dodoma, kabla serikali haijasimamisha majaribio ya mazao ya aina hiyo mwaka 2018. Afrika Kusini ilianza kuyalima mwaka 1998, na wakulima wakatakiwa kutenga sehemu ya mahindi ya kawaida: asilimia 20 ukipuliza dawa, au asilimia 5 usipopuliza kabisa. Wadudu wa sehemu hiyo huachwa wawe nondo, ili yule sugu mmoja atakayetoka kwenye Bt apate mwenza asiye sugu na usugu uzimike kwa watoto.

Wengi hawakutenga. Mwaka 2007 ikaripotiwa kwamba funza wa mabua, Busseola fusca, anaishi na kunenepa ndani ya mahindi yaliyotengenezwa kumuua. Baadaye ikaonekana pia kuwa kwa mdudu huyo usugu hauzimiki kirahisi hivyo kwa watoto. Marekani, kampuni zimefikia kuchanganya mbegu za kawaida ndani ya mfuko uleule wa Bt, ili kubakiza wadudu wasio sugu kusitegemee nidhamu ya mtu.

Huku Uluguru, mkulima wa Mgeta au Matombo hana mfuko wa namna hiyo. Nidhamu anayo mwenyewe. Kipimo kinachofundishwa sana ni mimea miwili kati ya 10 mahindi yakiwa machanga. Chini ya hapo, usipulize. Akiwa amekagua 50 na kukuta mitano tu imeguswa, huponda viwavi alioweza kuwaona, huwaachia waliobaki sisimizi na nyigu wadogo, hurudi wiki inayofuata kuhesabu upya. Kuona mdudu shambani mwako ukaacha kupuliza kunahitaji moyo mgumu kuliko kupuliza. Chupa yake inabaki imefungwa, na siku atakapoihitaji kwelikweli itakuwa bado inaua.