Ulimi Unaokunjika Haumtambui Baba: Somo la Urithi Tunalifundisha Vibaya

Toa ulimi nje, halafu jaribu kukunja kingo zake zije juu mpaka ufanane na mrija. Umeweza? Kama umewahi kukaa kwenye darasa la baiolojia, huenda uliambiwa kwamba jibu limo kwenye jeni moja tu: mwenye aleli tawala anakunja, asiye nayo hawezi. Darasa zima linacheka, kila mtu anatoa ulimi, somo linaeleweka chapuchapu. Tatizo ni kwamba si kweli.

Leo nataka tulikosoe somo la urithi kama linavyopatikana kwenye vitabu vingi, madaftari ya tuisheni na video fupi za mtandaoni. Ugomvi wangu hauko kwenye ugumu wake. Ni kwamba limerahisishwa mahali pasipostahili, na gharama yake inaishia kwenye familia za watu.

Pale linapostahili sifa

Tuanze kwa haki. Kati ya 1856 na 1863, mtawa Gregor Mendel alipanda njegere kwenye bustani ya monasteri mjini Brno. Alipopandisha njegere za duara na zenye makunyanzi, kizazi cha kwanza chote kilitoka duara. Makunyanzi yalipotea. Alipoacha kizazi hicho kijichavushe chenyewe, yakarudi: mbegu 5,474 za duara, 1,850 zenye makunyanzi. Karibu tatu kwa moja.

Hapo ndipo kuna wazo kubwa. Urithi hauchanganyiki kama maziwa kwenye chai. Kila mzazi ana nakala mbili za jeni, anampa mtoto moja, na nakala inaweza kujificha kizazi kizima bila kupotea. Wazo hilo bado limesimama, na mwalimu anayelieleza vizuri ameshafanya kazi kubwa.

Mifano mibovu

Habari ya ulimi ilitangazwa mwaka 1940 na Alfred Sturtevant, mwanasayansi wa heshima kabisa, yule aliyechora ramani ya kwanza ya jeni mwaka 1913. Lakini mwaka 1952 Philip Matlock aliwachunguza mapacha wa kufanana, jozi 33. Mapacha hawa wana jeni zilezile. Kama ulimi ungekuwa suala la jeni moja tu, kila jozi ingefanana. Jozi 7 hazikufanana: mmoja anakunja, mwenzake hawezi. Sturtevant mwenyewe baadaye alikubali kwamba dai lake halikusimama, na katika kitabu chake cha 1965 alisikitika kuona bado linatajwa kama jambo lililothibitishwa. Ni miaka zaidi ya sitini sasa, na ulimi bado uko darasani.

Ndewe nazo ni vilevile, yaani ile nyama laini ya chini ya sikio. Tunaambiwa kuna zilizoshikana na zisizoshikana, jeni moja, basi. Ukiangalia masikio ya watu kumi kwenye daladala utaona kuna kila aina katikati. Utafiti wa 2017 uliohusisha watu zaidi ya 70,000 ulikuta maeneo 49 ya vinasaba yanayochangia.

Utasema, "Si mfano tu, una ubaya gani?" Hebu fikiria. Mwanafunzi anapewa kazi ya nyumbani ya kuwapima wazazi wake. Baba hawezi kukunja ulimi, mama hawezi, yeye anaweza. Kwa hesabu ya daftari lake hilo haliwezekani: wazazi wasio na aleli tawala wangeitoa wapi? Jibu linalobaki ni kwamba mmoja wao si mzazi wake. Hapo mfano wa kuchekesha umeingiza shaka ndani ya nyumba, na shaka yenyewe haina msingi wowote wa kisayansi.

Neno "tawala"

Kosa la pili liko kwenye neno. Ukisikia "aleli tawala", unafikiria yenye nguvu, yenye kuenea, au iliyo bora. Aleli "fiche" inaonekana dhaifu. Lakini ndani ya seli hakuna aleli inayoitawala nyingine.

Turudi kwenye njegere. Mwaka 1990 wanasayansi walionyesha kwamba aleli ya makunyanzi ina kipande cha ziada cha DNA kilichojichomeka ndani ya jeni ya kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza wanga. Kimeng'enya hakifanyi kazi, sukari inajaa, mbegu inanyonya maji mengi, na ikikauka inasinyaa. Njegere yenye nakala moja nzima inatengeneza kimeng'enya cha kutosha kubaki duara. Siri nzima ni hiyo: nakala moja inatosha.

Sasa lete hoja hii kwetu. Aina ya ualbino iliyo ya kawaida zaidi Afrika Mashariki inatokana na mabadiliko kwenye jeni inayoitwa OCA2. Nakala moja nzima inatosha kuipa ngozi rangi yake, hivyo mbebaji haonekani tofauti na mtu mwingine yeyote. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni mtu 1 mwenye ualbino kati ya takribani 1,400. Tukichukulia kwamba wote wanatokana na jeni hii moja, na kwamba watu wanaoana bila kuchaguana kwa jeni hiyo, kipeuo cha pili cha 1,400 ni kama 37. Yaani nakala 1 kati ya 37 ndiyo yenye mabadiliko. Kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili, wabebaji ni karibu 1 kati ya 19. Kwenye daladala iliyojaa, yumo, na hajijui.

Kwa hiyo wazazi wawili wenye ngozi nyeusi wakipata mtoto mwenye ualbino, hakuna la kumuuliza mama ambalo baba haulizwi. Mtoto amepokea nakala moja kwa kila mmoja. Wapo wanawake walioachwa na waume zao kwa tuhuma za kutoka nje ya ndoa, kisa rangi ya mtoto. Somo la urithi lilikuwa na uwezo wa kuwatetea, lakini muda wake umetumika kwenye ndimi.

Robo si mgawo

Kosa la tatu ni lile jedwali la vyumba vinne. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa selimundu, AS na AS, chumba kimoja kati ya vinne ni SS. Wengi wanasoma hivi: watoto wanne, mmoja ataumwa. Kwa hiyo wa kwanza akizaliwa na siko seli, "zamu" imeshapita.

Hakuna zamu. Kila mimba inaanza hesabu upya. Kati ya familia za namna hiyo zenye watoto wanne, karibu 32 katika kila 100 hazitakuwa na mtoto mgonjwa hata mmoja, na nyingine zitakuwa na wawili au watatu. Rusha shilingi mbili mara nne, hesabu mara ngapi zimeangukia "mwenge" zote mbili, kisha rudia zoezi zima. Dakika kumi za shilingi zinafundisha zaidi ya jedwali.

Ningeanzia wapi?

Ningeifanya selimundu kuwa mfano mkuu. Badiliko ni dogo mno: kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini, asidi amino ya sita inabadilika kutoka glutamiki kuwa valini. Ukiuliza nani anaumwa ugonjwa, S inajificha kwa mtu wa AS. Ukiuliza maabara inaona nini kwenye damu yake, zinaonekana zote mbili, A na S. Ukiuliza kuhusu malaria kali, nakala moja ya S inatosha kumpa kinga kubwa, kama alivyoonyesha Anthony Allison, aliyekulia Kenya, mwaka 1954. Aleli ni ileile, majibu matatu. "Utawala" unategemea umeuliza nini.

Kuna hatari yake, nakubali. Darasani anaweza kuwepo anayeishi na ugonjwa huo, na hapaswi kugeuzwa kielelezo. Kwa hiyo kazi za kupima familia zife kabisa. Tumia familia za kubuni ubaoni. Ila tusikwepe mfano wa kweli kwa sababu ni mzito. Kipimo cha damu cha kujua kama wewe ni AS kipo, na mwanafunzi wa leo ndiye atakayeamua kukifanya kabla ya kuzaa. Akifika huko, atahitaji kujua kwamba mbebaji haonekani kwa macho, kwamba wazazi wote wawili wanahusika, na kwamba robo huanza upya kila mimba.