Kuyafuata Maji ya Singida: Andalio la Safari ya Siku Tatu

Mwalimu wa jiografia anaweza kulichora Bonde la Ufa ubaoni miaka kumi bila kusimama ukingoni mwake. Mimi nilikuwa hivyo hadi Juni iliyopita, nilipozunguka Mkoa wa Singida kwa siku tatu. Naichambua safari hiyo kwa sababu iliyoitangulia ilinishinda, na tofauti kati ya hizo mbili ni ya upangaji, si ya fedha.

Safari ya kwanza ilikuwa na orodha: ziwa, mlima, msitu, michoro ya mapangoni Kolo. Nilipita kila mahali mbiombio nikarudi na picha. Wanafunzi waliponiuliza nimejifunza nini, sikuwa na la kuwajibu. Mara ya pili niliandika andalio kama la somo: lengo moja, muda, zana, tathmini. Lengo likawa swali: mvua inayonyesha Singida, maji yake huishia wapi?

Muda

Mtumishi wa umma ana siku 28 za likizo kwa mwaka, na nauli ya likizo hulipwa kila baada ya miaka miwili. Mwaka wa nauli wengi wetu tunakwenda kwa wazazi. Mwaka usio na nauli unafaa kwa safari za karibu. Niliichagua Juni kwa kuwa mkoa una msimu mmoja wa mvua, nao unakuwa umekwisha; barabara za vumbi zinapitika na hewa inaruhusu kuona mbali. Baridi na upepo vinahitaji koti zito. Zana nyingine zilikuwa ramani, daftari na chupa ya maji.

Siku ya kwanza: maji yasiyotoka

Mwezi Juni jua la Singida huchomoza kama saa 12:45 asubuhi, robo saa hivi baada ya Dar es Salaam, maana mji uko magharibi zaidi. Saa 12:30 nilikuwa juu ya majabali kando ya Ziwa Singidani. Granaiti hiyo ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipokuwa bado chini ya ardhi, maji yalipenya kwenye nyufa zake na kula pembe. Udongo ulipochukuliwa na mmomonyoko, yakabaki mawe ya mviringo yaliyobebana.

Singidani, kama jirani yake Kindai, haina mto wa kutokea. Jua hunyanyua maji na kuacha chumvi, ndiyo maana ukingo una utando mweupe. Katika maji ya namna hiyo hustawi mwani mdogo unaoliwa na heroe, ndege ambao wengi huwaita flamingo. Mvua ikizidi, chumvi huzimuliwa, mwani hupungua na ndege huhama. Asiyewakuta asidhani amekosa bahati, ayasome maji.

Siku ya pili: ukingoni

Nilipanda basi la kuelekea Nzega. Baada ya Misigiri, barabara hufika Mlima Sekenke, ukingo wa Bonde la Ufa, na kuteremka hadi mbuga ya Wembere, upande wa Shelui. Uamuzi muhimu ulikuwa kushuka basi juu ya mlima, tena asubuhi. Ukingo huo unatazama magharibi, hivyo jua linakuwa mgongoni na mbuga yote inaangazwa mbele yako. Jioni ungetazama mwanga mtupu.

Usiku nililala Kiomboi.

Siku ya tatu: ziwa lenye mlango

Mto Wembere, unaopita katika mbuga niliyoitazama jana yake, huingia Ziwa Kitangiri, na kutoka hapo maji hushika Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Kwa kuwa Kitangiri ina mlango wa kutokea, chumvi hairundikani kama Singidani. Huko Tulya, kando ya Kitangiri, nilikuta wavuvi wakipakua perege na kambale, na ushahidi wa mlango huo ukawa mle kapuni. Eyasi nayo haina pa kutokea. Maji ya kaskazini mwa Singida, basi, hayafiki baharini kamwe.

Tathmini

Swali moja lilibeba safari nzima. Kila kituo kilijibu sehemu yake na kufungua kinachofuata. Kosa lilikuwa siku ya tatu. Nilipatana na bodaboda nauli ya kwenda tu, nikapoteza saa nyingi nikitafuta wa kunirudisha. Safari ya ziwani ipatanwe kwenda na kurudi, tena kabla ya kuondoka.

Desemba nitafuata upande wa kusini. Maji ya Kizigo, kule Manyoni, hukutana na Ruaha Mkuu penye bwawa la Mtera, kisha huingia Rufiji hadi Bahari ya Hindi. Nitasimama Mtera, ambako barabara ya Dodoma na Iringa inapita juu ya bwawa.

Shule ilipofunguliwa Julai nilichora ramani ya mkoa ubaoni. Mshale wa kaskazini niliufunga Eyasi. Wa kusini nimeuacha wazi, na wanafunzi wanajua kwa nini.