Kimya cha Nani?

Nyumba nyingi za mjini siku hizi zina kitu kiitwacho swichi, na sisemi ile ya ukutani ya kuwashia taa. Ni kisanduku chenye matundu matano, manane au ishirini na manne, ambamo nyaya za mtandao hukutana: waya wa kompyuta, wa televisheni, wa kamera ya getini. Wenye nyumba za kuta nene wanakifahamu zaidi. Ukuta wa mawe ya matumbawe, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, huyameza mawimbi ya redio. Waifai ya sebuleni hufika chumba cha nyuma ikiwa hoi. Waya haujali ukuta. Kebo ya shaba hupeleka habari hadi mita 100, masika na kiangazi.

Nataka kukihakiki kisanduku hiki kama tuhakikivyo kitabu au wimbo, kwa kuwa nacho kimetungwa na watu, na katika kila kilichotungwa kuna jambo lililotiliwa maanani na jambo lililopuuzwa. Soma kasha lake dukani. Utaelezwa kasi, idadi ya matundu, pengine na wati za umeme. Habari ya kelele ni nadra kuikuta. Mtengenezaji aliyeiondoa feni hulitangaza jambo hilo kwa herufi kubwa, maana kizuri chajiuza. Basi kasha likinyamaza kuhusu kelele, mnunuzi atege sikio: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kelele hiyo hutoka wapi? Swichi yenyewe, katika kazi yake ya kupokea na kugawa habari, haina kitu kinachozunguka. Tatizo ni joto. Kisanduku kidogo cha matundu manane hula wati chache tu, na ganda lake la chuma hulitoa joto hilo polepole hewani. Kile kikubwa cha ofisini kina mzigo mwingine: mara nyingi hutakiwa kulisha kamera na simu kwa umeme unaopita katika kebo ileile ya mtandao. Kanuni ya mwaka 2003 iliruhusu wati 15.4 kwa kila tundu. Ile ya 2009 ikaongeza hadi 30. Zidisha 15.4 kwa matundu 24, utapata karibu wati 370, na kifaa cha kugawa umeme wa namna hiyo lazima kipate moto.

Hapo ndipo feni inapoingia. Swichi ya ofisini imetengenezwa nyembamba, kimo cha sentimita 4.4 hivi, ili ipangwe na wenzake katika kabati la chuma. Feni inayoenea humo ina upana wa sentimita nne. Feni ndogo kiasi hicho, ili isukume hewa ya kutosha, sharti izunguke maelfu ya mara kwa dakika. Kwa hiyo haingurumi kama pangaboi, sauti ambayo wengi wetu hulala nayo bila taabu. Hulia kama mbu, na mbu huyu hana mahali pa kutua.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kwamba kelele ya mfululizo chumbani mwa kulala isizidi desibeli 30. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Ongezeko la desibeli 10 sikio hulisikia kama kelele iliyorudufiwa. Hivyo kifaa cha desibeli 50 husikika kama mara nne ya kile cha 30. Tena vipimo hivyo kwa kawaida huchukuliwa katika chumba cha ubaridi wa wastani. Mlete mwenye kipimo hicho Dar es Salaam mwezi wa Februari, joto likipita nyuzi 30, aone feni ile inavyokimbia.

Jamaa yangu mmoja alinunua swichi ya matundu 24 iliyotumika ofisini. Ilikuwa rahisi, imara, na kwa kazi yake haikuwa na kasoro. Jioni ya kwanza sebule nzima ikalalamika. Ikahamishiwa stoo, mlango ukafungwa, na bwana akasifu utulivu wa nyumba yake. Nilipotembelea siku hizo nilikwenda stoo kuchukua kiti, nikakuta godoro limeviringishwa chini ya rafu ya swichi. Humo ndimo alimolala msichana wa kazi. Nikamwuliza analalaje na mlio ule.

"Nimeshazoea tu, baba," akajibu.

Neno hilo nimelifikiria sana. Kelele ilikuwa bado nyumbani, imegawiwa tu yule asiyeweza kuikataa. Nilimwambia jamaa yangu hivyo, naye akanikumbusha bei aliyolipa. Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila usingizi wa mtu hakuuandika mahali popote katika hesabu hiyo.

Sisemi feni ni dhambi. Ofisini, katika chumba ambamo halali mtu, feni ni busara. Dosari ni kukiingiza kifaa cha ofisini katika nyumba ya watu na kudhani kwamba nyumba ndiyo itakayojirekebisha. Wapo wanaong'oa feni na kutia nyingine ya mwendo wa polepole. Kimya hupatikana, ila joto lililokuwa likitolewa linabaki ndani, likila vipuri kidogo kidogo.

Uamuzi wangu basi ni huu. Visanduku vya chuma vya matundu manane, kama GS108 ya Netgear au TL-SG108 ya TP-Link, ndivyo vilivyotungwa kwa nyumba: havina feni, na kasi ya gigabiti moja inazitosha nyumba nyingi. Matundu yakipungua, unga viwili pamoja upate kumi na manne ya kutumia. Mwenye kamera asilipie matundu 24 yenye umeme ikiwa kamera zake ni tatu. Zipo ndogo zenye manne, zisizo na feni. Anayetaka mwendo zaidi atazame kwanza gigabiti 2.5, kwa kuwa zile za gigabiti 10 kwa waya wa shaba hupata moto zaidi, na moto huita feni.

Vina masharti yake. Watengenezaji huvipa mwisho wa nyuzi 40 za joto la hewa, na kabati lililofungwa laweza kufika huko mchana mmoja. Kiweke mahali pa wazi, usikipandishe juu ya ruta, na kile kitambaa cha kufuma tunachopenda kufunikia kila kitu kibaki kwenye meza.

Kisha, kabla ya kulipa, zunguka nyumba yako usiku na uulize ni nani analala karibu na pale unapotaka kukiweka. Mwulize mwenyewe, na akikwambia atazoea, tafuta kingine.