Hesabu ya Mwisho: Msomaji Kijana na Tamati ya Riwaya ya Baada ya Kiyama

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuutazama msisimko wa msomaji kwa jicho la shaka. Msomaji anayekesha ili ajue kitabu kitaishaje huhesabiwa kuwa msomaji mchanga, aliyenaswa na visa akayasahau maudhui. Kwa mtazamo huo taharuki ni chambo tu. Samaki akishavuliwa, chambo hakina kazi tena. Makala hii inadai kinyume chake: kwamba katika riwaya za vijana zinazosimulia maisha baada ya ulimwengu kuangamia, msisimko wa tamati ni tendo la uhakiki lenyewe, na kwamba fasihi ya Kiswahili inapoteza wasomaji kwa kutolitambua jambo hilo.

Mfano mwafaka ni utatu wa Suzanne Collins, mwandishi wa Marekani: The Hunger Games (2008), Catching Fire (2009) na Mockingjay (2010). Nchi ya Panem imejengwa juu ya magofu ya Amerika ya Kaskazini. Mji wake mkuu, Capitol, unazitawala wilaya 12, na kila wilaya imefungiwa kazi moja. Wilaya ya 12 huchimba makaa ya mawe. Ya 11 hulima na kuchuma. Kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana na msichana wapelekwe uwanjani wauane mpaka abaki mmoja, huku nchi nzima ikilazimishwa kutazama. Katniss Everdeen, msichana wa miaka 16, anajitolea kufa badala ya mdogo wake, Prim. Kutokana na tendo hilo la udugu unazuka uasi unaojaza vitabu vyote vitatu.

Msomaji wa umri wa Katniss huko Kiptere, katika kaunti ya Kericho, hahitaji maelezo marefu ili kuielewa ramani hiyo. Rue, mtoto wa Wilaya ya 11, anasimulia jinsi wachumaji wanavyochapwa viboko hadharani wakithubutu kula walichokichuma. Kijana aliyekulia katika nchi ya chai anajua maana ya eneo zima kufungwa kwenye zao moja, na maana ya zao hilo kuchumwa hapa, kunadiwa Mombasa, kisha kunywewa London au Karachi. Isitoshe, anaishi mahali ambapo maangamizi si jambo la kubuni. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza kupandwa chai katika miaka ya 1920, juu ya ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis. Na mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuuhamisha ukoo wa Talai na kuupeleka Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Madai ya haki kuhusu dhuluma hizo yalifikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2022. Kwa msomaji wa namna hii, riwaya ya baada ya kiyama haitabiri chochote. Inakumbusha.

Hapo ndipo tamati inapopata uzito. Frank Kermode, katika kitabu chake The Sense of an Ending cha mwaka 1967, alieleza kwamba binadamu huhitaji mwisho ili aipe maana safari iliyotangulia, na kwamba masimulizi ya kiyama ni kielelezo kikuu cha haja hiyo. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haijitoshelezi. Msomaji wa Mockingjay hangoji maana tu, anangoja hesabu. Anataka kujua nani atalipia dunia mpya, na kama dunia hiyo ni mpya kweli au ni kiti kilekile kilichopata mkaaji mwingine.

Collins anaijibu haja hiyo bila kumbembeleza msomaji. Prim, ambaye hadithi yote ilianza ili aokolewe, anauawa na mabomu yaliyotungwa kwa hila: la kwanza hujeruhi, la pili hungoja mpaka waganga wafike. Hila yenyewe ilibuniwa upande wa waasi, na mmoja wa wabunifu ni Gale, rafiki wa utotoni wa Katniss. Kisha Coin, kiongozi wa uasi, anapendekeza mchezo wa mwisho wa kuuana, safari hii kwa watoto wa Capitol. Siku ya kumnyonga adui, kwa njia ya mshale, Katniss anaugeuza upinde: badala ya kumlenga Snow, rais aliyepinduliwa, anamlenga Coin na kumuua. Msomaji anayeruka kitini kwa tukio hilo hajafurahia damu. Amekiona kile alichokuwa akikingoja tangu ukurasa wa kwanza, yaani mtu wa tabaka la chini kukataa kubadilishiwa bwana badala ya kuondolewa ubwana.

Katika nchi ya chai, swali hilo halikai vitabuni tu. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984. Unilever nayo iliuza biashara yake ya chai mwaka 2022. Majina yalibadilika langoni. Mwezi Mei mwaka 2023, waandamanaji walizichoma moto mashine za kuchumia chai huko Kericho, kwa sababu mashine hizo ziliwanyima watu hata ile kazi ya kuinamia mchai. Makala hii haidai kwamba waandamanaji walikuwa wamemsoma Collins. Inadai kwamba msomaji aliyeyaona mambo hayo anaileta riwayani hamu ya haki ambayo mwandishi hakuipanda, ila ameikuta imekwisha kumea.

Huenda mhakiki mwenye tahadhari akauliza kama msisimko huu si zao la soko. Ni kweli kwamba soko lilikuwapo: kitabu cha tatu kiligawanywa kikawa filamu mbili, ya mwaka 2014 na ya mwaka 2015, ili tamati moja iuzwe mara mbili. Hata hivyo, soko linaweza kumleta msomaji mlangoni; haliwezi kumlazimisha aguswe. Tena, Mockingjay haifungi kwa shangwe inayouzika kwa urahisi. Katika sehemu ya mwisho, miaka kadhaa imepita. Katniss ana watoto wawili wanaocheza uwandani, na chini ya nyasi za uwanda huo wamezikwa watu wa wilaya yake. Watoto hawajui. Mama anajua, na siku moja atalazimika kuwaeleza. Collins amerudi Panem tangu hapo, mwaka 2020 na mwaka 2025, lakini mara zote mbili alirudi nyuma, kwenye wakati uliotangulia utatu huu.

Fasihi ya Kiswahili si geni katika bustani hii. Euphrase Kezilahabi aliandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya mbili zinazosomwa kama jozi, na katika ya pili ulimwengu unateketea, kisha mwanamume na mwanamke wanabaki na mwanzo mpya mikononi mwao. Katama Mkangi katika Walenisi (1995) alimrusha mhusika wake kutoka kwenye hukumu ya kifo hadi sayari ambayo jina lake linamwambia msomaji kwamba wale ni sisi. Lakini kuna tofauti ya msingi. Kezilahabi anaufuta ulimwengu ili fikra ianze upya. Mkangi anautafuta ulimwengu bora mahali pengine. Collins anawaacha wahusika wake palepale, juu ya makaburi yaleyale, na kuwataka walime. Kifalsafa, Mzingile inapiga mbizi mahali ambapo Collins hafiki. Kwa kijana ambaye hawezi kuhama wala kuufuta ulimwengu wake, tamati ya Collins ndiyo inayomsemesha.

Kwa nini basi kijana huyo anaupata msisimko huu katika Kiingereza? Sababu moja ni uhaba wa riwaya za vijana za Kiswahili zinazoendelea kitabu baada ya kitabu. Sababu ya pili iko darasani. Mwanafunzi wa Kenya mara nyingi huukabili mwongozo kabla ya riwaya teule yenyewe. Huijua tamati kabla ya kuijua sura ya kwanza, na huijua kama orodha: dhamira tano, mbinu kumi, funzo moja. Hana cha kungoja, kwa hiyo hana cha kuhesabia. Hali haikulazimika kuwa hivyo. Ken Walibora alionyesha katika Siku Njema (1996) kwamba safari ya kijana kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake inaweza kumkesha msomaji wa Kiswahili bila kuisaliti sanaa. Kiu ipo, kinachokosekana ni imani kwamba kiu hiyo inastahili kuheshimiwa.

Kuiheshimu ni kumwacha msomaji afike mwisho kwa miguu yake, kisha kumuuliza swali ambalo mwongozo hauulizi: je, hesabu imetimia? Msichana wa Kiptere anayefunga Mockingjay usiku na kukosa usingizi ameshalijibu, ingawa hajaandika insha. Amepima dunia mpya kwa mizani ya wafu wake, kama vile watu wa kwao wanavyoyatazama majani ya chai na kujua kilichokuwa kimemea pale kabla. Jukumu la mhakiki ni kumpa riwaya ya Kiswahili inayostahimili kupimwa kwa mizani hiyohiyo.