Jiwe Huzama, Siagi Huelea

Ukipanda milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, kutoka Sake, joto la ziwa Kivu linabaki nyuma na unaingia nchi ya ng'ombe. Huku ndiko Karuba. Majani ni mafupi, asubuhi ina baridi, na maziwa ndiyo mazungumzo ya siku: yametoka mangapi, yamechachuka au bado, nani anateremsha fromaji, yaani jibini, Goma. Vilima vichache kutoka hapo ni Rubaya, mji wa madini ya koltani, unaojulikana hata na watu ambao hawangeweza kuionyesha Masisi kwenye ramani.

Watu huzitaja Karuba na Rubaya kama dunia mbili, moja ya maziwa na nyingine ya mawe. Ukikaa kuwatazama mafundi wa pande zote mbili utaona wanafanya kazi moja. Mama anayesuka maziwa ndani ya kibuyu anangoja kilicho chepesi kipande juu. Mwoshaji wa koltani aliyesimama mtoni anangoja kilicho kizito kibaki chini. Siagi huelea, jiwe huzama, na fundi kazi yake ni kujua lini asukume na lini aache.

Nataka kukaa na huyo mwoshaji, kwa sababu ufundi wake hupita bila kutazamwa. Habari za Rubaya huanzia kwenye bunduki, na si kwa makosa: Aprili 2024 waasi wa M23 waliuchukua mji huo, na mvua zikikaza vilima vilivyotobolewa huwaporomokea watu. Hakuna sifa ya ufundi inayofuta hayo. Lakini katikati yake kuna mtu mwenye ujuzi, na ujuzi huo unastahili kuelezwa taratibu.

Koltani ya huku imo ndani ya mwamba uliooza na kulainika kwa muda mrefu mno hata ukawa udongo mweupe, kama unga wa muhogo. Mchimbaji huutoa kwa mtarimbo na chepe, akautia mifukoni, ukateremshwa hadi kwenye maji. Hapo umechanganyika kila kitu: udongo, kwazi inayometameta, maganda ya mika, na punje nyeusi zinazotafutwa. Somo la kwanza la kemia liko hapo miguuni pake. Huo ni mchanganyiko, na vitu vilivyochanganyika bila kuungana vinaweza kutenganishwa bila moto wala asidi. Kinachotakiwa ni kuijua tabia ya kila kimoja.

Tabia anayoitumia ni densiti, yaani uzito wa kitu kwa ujazo wake. Kwazi ina uzito wa maji mara 2.65. Koltani huanzia kama mara 5 na kupita 8, kutegemea kilichomo ndani yake. Tuchukue punje ya mara 7. Nje ya maji inaizidi kwazi ya ukubwa uleule mara 2.6 hivi. Zitie zote mbili majini, na maji yatazibeba kwa kiasi kilekile: kila moja itapungukiwa na 1. Kwazi inabaki na 1.65, koltani inabaki na 6. Sasa tofauti ni mara 3.6. Kwa hiyo maji hayachukui taka peke yake. Yanaipanua tofauti iliyokuwapo, hata mkono na jicho vikaweza kuifuata.

Mwoshaji huchimba mfereji wa mteremko mdogo na kuyafungulia maji yapite juu ya lundo. Hasimami upande wa juu akaangalia tu. Huingia ndani, hukoroga kwa miguu, halafu kwa chepe huurudisha mchanga juu, kinyume na maji, tena na tena. Kila ukirudishwa, udongo mweupe huondoka kama maziwa yaliyomwagika, kwazi ikafuata, na sehemu nyeusi ikasogea kidogo tu. Maji yakiwa mengi mno, punje ndogo za koltani zitaondoka pamoja na taka, na jasho la asubuhi litakwenda na mto. Yakiwa machache, taka itabaki na mnunuzi atakata bei. Kipimo hicho hakijaandikwa popote. Kiko kwenye nyayo zake, zinazosikia mchanga ukigeuka kutoka laini kuwa wa kukwaruza.

Mwisho hutumia beseni. Hulizungusha zaidi kwa kiwiko kuliko kwa kiganja, maji yakipanda ukingoni na kumwagika kidogo kidogo. Chini hutokea mkia mweusi, na mbele yake mstari mwembamba wa punje nyeupe zilizokataa kuondoka. Hulilaza beseni, akazisukuma zile nyeupe kwa ncha ya kidole, akazitoa. Mtu asiyejua angetikisa zaidi na kupoteza vyote.

Mchanga mweusi ukishaanikwa na kukauka huja sumaku, kwa sababu vitu viwili vinaweza kulingana uzito na kutofautiana tabia nyingine. Yako madini ya chuma yenye uzito unaokaribia ule wa koltani nyepesi, na maji hayawezi kuyaondoa vizuri. Sumaku inayapata mara moja, yakasimama kama nywele. Hapo napo pana kipimo: sumaku ikiwa kali mno itaanza kuivuta koltani yenyewe.

Kwa nini? Ndani ya koltani mna chuma pia, ila chuma hicho hakijachanganyika, kimeungana. Punje moja ni kampaundi ya oksijeni, chuma, manganizi, niobiamu na tantalamu, atomi zake zikiwa zimeshikana kwa mpango maalumu. Ukiiponda punje hiyo iwe vumbi, kila chembe ya vumbi bado ni koltani. Unaweza kuiosha mwaka mzima bila kuondoa chuma chake. Ufundi wa maji unafika hapo na kusimama, na mwalimu anayetaka kuwafafanulia wanafunzi tofauti ya mchanganyiko na kampaundi hatapata mpaka ulio wazi kuliko huu.

Karuba nayo ina mpaka wake. Siagi ikitengana na maziwa, kila kimoja kilikuwamo tangu mwanzo, kimejitenga tu. Maziwa yakigandishwa kuwa fromaji, protini zimeshikana upya, na hata ukiikoroga fromaji majini hupati maziwa tena. Mama anayejua wakati wa kusuka na wakati wa kugandisha anaujua mpaka huo, hata kama hakuwahi kuusikia kwa jina darasani.

Uzito wa koltani hutoka kwenye atomi zake. Kwazi ni silikoni na oksijeni: atomi ya oksijeni ina uzito wa 16 katika kipimo cha wanakemia, na silikoni 28. Chuma ni 56. Niobiamu ni 93, na tantalamu ni 181, zaidi ya mara 11 ya oksijeni. Atomi ya tantalamu inakaribiana sana kwa ukubwa na ya niobiamu, ila imebeba karibu mara mbili ya uzito wake. Ndiyo maana koltani yenye tantalamu nyingi huwa nzito kuliko yenye niobiamu nyingi. Mwoshaji akisema mzigo huu una uzito mzuri, anazisemea atomi bila kuziona.

Hapa pana kisa kinachonifanya niuheshimu zaidi mkono wa mwoshaji huyo. Mwaka 1801, huko London, Charles Hatchett alitangaza elementi mpya kutoka kwenye jiwe lililotoka Marekani, akaiita kolumbiamu. Mwaka uliofuata Anders Gustaf Ekeberg wa Uswidi akatangaza tantalamu, akaipa jina la Tantalus wa hadithi za Wagiriki, aliyesimamishwa majini asiweze kunywa; elementi hii nayo ilikaa ndani ya asidi bila kuathirika. Mwaka 1809 William Hyde Wollaston alilinganisha mawe ya pande zote mbili. Moja lilikuwa na densiti ya karibu 6, la pili karibu 8. Tofauti ilikuwa mbele ya macho yake. Hata hivyo akaamua kwamba ni elementi moja, na wengi wakamwamini.

Ilibidi kungoja hadi 1844, Heinrich Rose alipoonyesha kwamba ziko mbili, akaiita ile nyingine niobiamu, kwa jina la Niobe binti wa Tantalus. Mwaka 1866 Jean Charles Galissard de Marignac ndiye aliyepata njia nzuri ya kuzitenganisha. Jina niobiamu lilikubaliwa rasmi na wanakemia wa dunia mwaka 1950. Lile la kwanza, kolumbiamu, limebaki mwanzoni mwa neno koltani, ambalo ni kolumbaiti na tantalaiti zilizofupishwa. Hivyo kila anayelitamka neno hilo sokoni anataja ugomvi wa miaka 65, tangu 1801 hadi 1866.

Simdharau Wollaston, alikuwa bingwa wa enzi yake. Nasema tu kwamba mtu ambaye ugali wake wa jioni unategemea uzito wa kiganja asingeipita tofauti ya 6 na 8 kirahisi hivyo.

Mwoshaji ana mipaka yake pia. Kasiteriti, jiwe la bati, ina densiti ya karibu 7, na koltani ya kati haitengani nayo kwa maji. Tantalamu na niobiamu zenyewe hazitengani mpaka kiwandani, mbali na Masisi, kwa asidi kali ambazo hakuna anayetaka kuziona karibu na mto. Huko ndiko tantalamu hugeuzwa kuwa sehemu ndogo sana za kutunza umeme ndani ya simu, kwa sababu hujifunika utando mwembamba wa oksidi usiopitisha umeme.

Kabla ya hapo mzigo hupita mikononi mwa mnunuzi. Yeye huja na kifaa cha miale ya eksirei, chenye umbo la bastola. Anakielekeza kwenye mchanga, kila elementi inajibu kwa mwale wake, na kioo kinaandika asilimia ya tantalamu. Namba hiyo ndiyo bei, na anayeisoma ni yule anayelipa.

Mwoshaji hana kifaa hicho. Kabla ya kuufikisha mzigo huchota kidogo, akaulaza kiganjani, akauinua na kuushusha mara mbili tatu kama mtu anayepima yai. Kisha anataja bei anayoitegemea, na punje moja nyeupe iliyosalia anaipuliza.