Vigingi vya Kanam: Jinsi ya Kupima Dokezo Bora

Machi 1932, huko Kanam kwenye Rasi ya Homa, eneo ambalo leo liko katika Kaunti ya Homa Bay, Juma Gitau, mmoja wa wafanyakazi wa mwanaakiolojia Louis Leakey, alipata kipande cha taya la binadamu. Jirani, Kanjera, vikapatikana vipande vya mafuvu. Leakey aliamini kwamba ameshika ushahidi wa binadamu wa kale kuliko wenzake walivyodhani, na mwaka 1933 wanasayansi waliokutana Cambridge wakamkubalia kwa sehemu kubwa. Mwanzoni mwa 1935 Percy Boswell, profesa wa jiolojia kutoka Imperial College ya London, alikuja Nyanza ajionee mwenyewe. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe. Vigingi vya chuma alivyopigilia vilikuwa vimetoweka. Inasimuliwa kwamba wenyeji walivichukua wakatengenezea vifaa vya kuvulia. Ramani yenye alama za sehemu hizo haikuwapo. Picha iliyoandikwa kuwa ni ya eneo moja ikabainika ni ya kwingine. Machi mwaka huohuo Boswell aliyachapisha hayo katika jarida la Nature, na Leakey akabeba doa hilo kwa miaka.

Wavuvi siwalaumu. Chuma kilichochomekwa ufukweni kisha kikaachwa miaka mitatu hakina mwenyewe.

Kisa hiki ndicho kipimo changu ninapoletewa madokezo ya mtu niyatazame, yawe ya mtafiti wa shule, ya karani wa ufuo au ya mwandishi anayekusanya habari kati ya Migori na Mbita. Wengi siku hizi huandika kwenye faili za maandishi matupu, zile zinazofunguka kwenye simu yoyote na kompyuta yoyote bila kudai programu maalumu, na wanafanya vizuri. Wanapokwama ni kwenye kupanga. Wapo wanaomwaga lebo, yaani maneno yenye alama ya reli mbele yake, kama #omena, #bei, #uvuvi. Wapo wanaoweka metadata: kichwa cha mistari michache juu ya dokezo, kila mstari na jina lake na thamani yake. Kila kundi linaliona lile lingine limepotea njia. Mimi huuliza swali moja tu: je, Boswell akija miaka mitatu baadaye, mwandishi akiwa hayupo na vigingi vimeng'olewa, dokezo hili litamfikisha mahali?

Anza na lebo, maana ndizo zinazodanganya wengi. Lebo nzuri husema jambo ambalo maneno ya dokezo hayalisemi. Mtu akiandika aya tatu kuhusu bei ya omena kule Sori, kisha akaweka #omena na #bei chini yake, hajaongeza kitu. Ukitafuta neno “omena” kompyuta itakuletea dokezo hilo, lebo iwepo isiwepo. Lakini akiweka #udalali kwenye dokezo ambalo halikutaja neno hilo popote, bali limeeleza tu jinsi mchuuzi mmoja alivyokatazwa kununua moja kwa moja mtumbwini, hapo mwandishi amefikiri. Ndiyo sababu mimi husoma orodha ya lebo kabla ya kusoma madokezo. Nikikuta lebo mia mbili, na nyingi zimetumika mara moja tu, najua mwenyewe huzibandika kwa mazoea. Lebo iliyotumika mara moja haijakusanya chochote na chochote.

Kisha tazama tahajia. #homabay, #HomaBay na #homa-bay zote ni mji mmoja, lakini kwa zana nyingi za kutafutia, kama grep isipoambiwa ipuuze tofauti ya herufi kubwa na ndogo, ni vitu vitatu. Ukiandika #Homa Bay na nafasi katikati, mambo huharibika zaidi: katika programu nyingi lebo hukatika kwenye nafasi, na kinachobaki ni #Homa. Siku utakapotafuta habari za mji utaletewa na za malaria. Nimeona daftari la mtu ambamo bei ya ngege na dawa za homa zimelala chumba kimoja kwa sababu hiyo tu, na mwenyewe alikuwa akijivunia jinsi alivyojipanga.

Metadata nayo ina majivuno yake. Watu wakishagundua kwamba wanaweza kuweka sehemu juu ya dokezo, huweka sehemu kumi na nane: hali ya hewa, hisia, umuhimu kwa nyota, mradi mkuu, mradi mdogo. Mwezi mmoja baadaye nusu yazo hazijazwi. Wakutubi na wataalamu wa mtandao walipokutana Dublin, mji wa jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1995 kutafuta namna ya kuelezea nyaraka za dunia nzima, mfumo uliotokana na kazi hiyo, Dublin Core, ulitulia kwenye vipengele 15. Hiyo ni kwa maktaba za dunia. Mtu anayeandika habari za fuo chache za Ziwa Viktoria akihitaji zaidi ya sita, na anieleze kwa nini. Njia ya kupima ni rahisi: fungua madokezo kumi bila kuchagua, uhesabu sehemu zilizoachwa wazi. Sehemu iliyo tupu kwenye mengi kati ya hayo kumi ifutwe, au ishushwe iwe lebo.

Huu hapa ni mfano wa kichwa ninachokiona kizuri, cha dokezo la jioni moja ufukweni, wakati mitumbwi ya omena inapoondoka na taa zake kusubiri giza:

tarehe: 2024-03-07
saa: "18:30"
mahali: Sori, Migori
chanzo: mvuvi, ana kwa ana
kipimo: gorogoro
lebo: [udalali, sijathibitisha]

Mistari sita. Tazama jinsi tarehe ilivyoandikwa, mwaka kwanza, ndipo mwezi, ndipo siku. Ukiandika 7/3/2024, Mkenya atasoma Machi na Mmarekani atasoma Julai, na faili zako hazitajipanga kwa mfuatano. Saa nayo imeandikwa kwa mtindo wa saa ishirini na nne kwa makusudi. Sisi tukisema saa moja tunaelewana kwa kuwa tumesimama pamoja na jua tunaliona. Kwenye dokezo la miaka mitatu iliyopita, “saa 1” inaweza kuwa asubuhi, adhuhuri, magharibi au usiku wa manane, kutegemea kama mwandishi alifuata saa ya Kiswahili au ya kwenye simu. Zile alama za kunukuu pia si pambo. Vichwa hivi kwa kawaida huandikwa kwa kanuni za YAML, na programu zinazofuata toleo lake la 1.1 zikikuta 18:30 bila alama hizo huisoma kama hesabu ya msingi wa sitini na kukurudishia 1110. Lebo nazo ndani ya kichwa hazina alama ya reli, kwa kuwa katika YAML alama hiyo ikitanguliwa na nafasi huanzisha maelezo yasiyosomwa: ukiandika “lebo: #udalali”, kompyuta huona lebo tupu. Fundi anayejua kazi yake anajulikana kwenye mambo madogo kama haya, wala hayahitaji kompyuta ya bei ghali.

Mstari ninaoupenda kuliko yote hapo ni wa kipimo. Bei bila kipimo ni uvumi. Omena huuzwa kwa gorogoro, kwa karai, kwa gunia, na bei ya kimoja huwezi kuigeuza kuwa ya kingine ukiwa mezani Nairobi. Ama ulikiandika palepale, ama hujui.

Hapo ndipo penye tofauti halisi kati ya njia hizi mbili. Lebo hurekebishwa mezani. Ukichoka na #udalali ukataka #mawakala, amri moja itabadilisha faili zote kabla chai haijapoa, na ukigundua mada mpya mwakani utarudi kwenye madokezo ya zamani uyape lebo mpya kwa kuyasoma tu. Metadata haina rehema hiyo. Mahali, tarehe, chanzo na kipimo visipoandikwa siku ile, hakuna usomaji utakaovirudisha. Utalazimika kurudi ufukweni, na ufukweni vigingi vimeshageuzwa vifaa vya kuvulia. Kwa hiyo usiulize ipi ni bora. Uliza, katika yale unayotaka kuyashika, ni lipi litakalopotea usipoliandika leo.

Nenda Thimlich Ohinga, Migori, ukaone jinsi hili linavyofanya kazi. Ni maboma ya mawe yaliyojengwa bila saruji wala udongo wa kushikilia, yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Maboma makubwa yana majina: Kochieng, Kakuku, Koketch, Koluoch. Mgeni hupiga picha, akaandika “#thimlich #ukuta #lango”, akaenda zake. Baada ya mwaka ana malango manne yanayofanana, yote mafupi, yote ya mawe, na hajui lipi ni la boma gani. Mstari mmoja tu, “boma: Kochieng”, ungemwokoa. Kwamba lango lile lilimkumbusha ulinzi, au ufugaji, au ustadi wa waashi, hayo yangengoja. Ni fikra zake, anarudi nazo nyumbani.

Na Rasi ya Homa yenyewe imelipa deni lake. Hapo Nyayanga, si mbali na Kanam, watafiti wakiongozwa na Thomas Plummer pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walitangaza mwaka 2023 zana 330 za mawe na mifupa ya viboko waliochinjwa, vya kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 hivi iliyopita, pamoja na magego mawili ya Paranthropus, jamaa wa kale wa binadamu. Mwaka 2025 wakaonyesha kwamba baadhi ya mawe hayo yalibebwa kutoka umbali wa hadi kilomita 13. Katika uchimbaji wa siku hizi kila kipande hupewa namba yake, vipimo vya mahali kilipolala na tabaka lake, kabla mtu yeyote hajaanza kubishana kinamaanisha nini. Jiwe lisilojulikana lilikolala halina safari ya kusimulia, hata maabara ikiwa na mitambo ya aina gani.

Ukiletewa daftari la mtu uambiwe ulipime, basi, usianze na uzuri wa lebo zake. Fungua dokezo la zamani kuliko yote, funika maelezo, usome kichwa peke yake. Kama unajua ni wapi, lini, nani alisema na kwa kipimo gani, mwandishi huyo ni fundi, hata kama lebo zake ni fujo. Kama hujui, mrudishie daftari lake, na umwambie aanze na mahali.