Cassavetes Alirudia, Sisi Je?

Kuna waandishi wenzetu ambao ukiwashauri wapunguze sura moja tu ya riwaya, wanakuona mchawi. "Imekuja yenyewe bwana, nikiigusa itakufa." Nisijifiche, mimi ni mmoja wao. Tangu nimalize kidato cha nne nina madaftari matatu ya riwaya, na sijawahi kufuta hata aya moja. Ndiyo maana John Cassavetes amenikera.

Mmarekani huyu (1929–1989), mzaliwa wa New York, watazamaji wengi walimjua kwa sura tu. Katika The Dirty Dozen (1967) ni Franko, mfungwa mkorofi, nafasi iliyompa uteuzi wa Oscar ya mwigizaji msaidizi. Katika Rosemary's Baby (1968) ni Guy, mwigizaji anayemtoa mkewe kwa shetani ili yeye apate majina makubwa. Kichekesho ni kwamba nje ya sinema hiyo Cassavetes alifanya kinyume. Alichouza kwa Hollywood ni sura yake mwenyewe, na ujira akaupeleka kwenye filamu zake, ambako hapakuwa na bosi wa kumwamuru.

Ya kwanza ni Shadows. Mwaka 1957 aliomba msaada katika kipindi cha redio cha Jean Shepherd, na wasikilizaji wakamtumia vijisenti vyao. Ni hadithi ya ndugu watatu weusi, wawili wakiwa weupe wa ngozi kiasi cha kudhaniwa Wazungu. Mpenzi Mzungu wa Lelia anamwona kaka yake Hugh akiingia nyumbani, na uso wake unabadilika. Hakuna hotuba juu ya ubaguzi. Uso ule unatosha.

Mwishoni maandishi yanatuambia kwamba tulichoona kilibuniwa papo hapo. Hapo ndipo tunapodanganyika, jamani! Filamu ilipoonyeshwa mwaka 1958, mwenyewe hakuridhika. Akawaita tena waigizaji, akapiga mandhari mapya mwaka 1959, mengi yakiwa yameandikwa kabla. Hiyo ndiyo Shadows inayosifiwa leo. Papo hapo hiyo ilimgharimu miaka!

Faces nayo aliipiga mwaka 1965, sehemu kubwa nyumbani kwake, ikatoka mwaka 1968. Muda wote huo alikuwa akikata na kuunga. Kwa A Woman Under the Influence (1974) aliweka nyumba rehani, na Peter Falk, anayeigiza Nick, akachangia pesa zake. Tazama pale Nick anapoleta kundi la wafanyakazi wenzake asubuhi, na mkewe Mabel (Gena Rowlands, mke wa Cassavetes) akawapikia tambi. Mabel anachangamka, anachangamka tena, mpaka mume anamfokea mbele ya wageni. Meza nzima inanyamaza. Utaapa kwamba kamera imeingia nyumba ya watu bila hodi. Kumbe maneno yaliandikwa!

Simfanyi mtume. Husbands (1970), ya wanaume watatu wanaomlilia rafiki yao kwa pombe, ina mandhari ya baa ambayo yalinichosha. Wanamsumbua mama wa watu aimbe vizuri zaidi, tena na tena, na kamera haiondoki. Hapo naona mtu aliyependa jasho la waigizaji wake kuliko hadithi. Lakini hata kosa lake si la uvivu.

Sisi tunalia kwamba hatuna mchapishaji, hatuna mshiko, kibarua kinatumaliza. Ni kweli, na yeye alikuwa na jina la kukodisha, sisi hatuna. Lakini kurudia ukurasa hakuhitaji mchapishaji. Kinachohitajika ni kukubali kwamba jana uliandika vibaya, na hilo ndilo lililonishinda.

Jana usiku nimefungua daftari la kwanza. Sura ya tatu, ile ninayoipenda kuliko zote na kuwasomea watu, mhusika wangu anahutubia kurasa nne juu ya dhuluma. Nimezipigia mstari zote nne. Sasa natafuta uso wa kuweka pale.